Kompyuta Iliyoelekezwa Dirishani

Temeke, Alhamisi.

Wingu limetanda tangu alfajiri na mvua haijashuka. Joto la namna hii silipendi. Nguo zinanata mwilini, nzi wamehamia ndani, na kila niliyepishana naye leo alikuwa akitazama juu na kusema itanyesha, itanyesha. Haijanyesha. Naandika nimeketi barazani wakati mwanga bado upo, na vidole vyangu vinanuka mafuta ya kachori.

Nina hofu. Naiandika hivyo hivyo ilivyo, maana nikianza kuipamba nitajaza ukurasa kwa habari za mawingu.

Kwanza kompyuta. Imefika maktabani kwetu mwezi uliopita, msaada wa watu wa nje, ikiwa ndani ya maboksi makubwa ambayo watoto wa mtaa waliyagombania kuliko hata mashine yenyewe. Maktaba yetu ni chumba kimoja kirefu, rafu za mbao, madirisha ya nondo yasiyo na vioo, na kiofisi cha Mzee Komba, mkuu wetu. Miaka yote tumefanya kazi kwa kadi. Kila kitabu kina kadi yake mfukoni nyuma ya jalada. Ukiazima, kadi inabaki kwangu kisandukuni, kitabu kinakwenda nawe, na anayejua nani kachukua nini ni mimi na kisanduku.

Tena nina desturi yangu. Kila kitabu kinachotoka pale nakivalisha gazeti. Nilianza kwa sababu ya vumbi na mafuta, maana Temeke mtu husoma huku anakula muhogo. Lakini nikaona kitu kingine. Hapa kwetu ukionekana na kitabu mkononi, mtu hakuulizi unasoma nini. Anakunyang'anya kwa upendo kabisa, anakigeuza, anasoma jalada kwa sauti, ndipo anakusalimia. Nina msomaji mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, anajifunza kusoma na kuandika kwa kitabu cha watoto. Nimemvalishia ukurasa wa michezo. Watu wakimwona stendi wanadhani anafuatilia mpira. Nina mabinti wanaosoma mambo ya miili yao, nina mke wa mtu anayesoma sheria ya ndoa. Wote wanasema neno moja tu wakifika mezani: "Dada Rehema, nivalishie." Hata vitabu vya hesabu navivalisha, ili gazeti lisije likawa ndilo alama ya mwenye siri.

Sijawahi kutangaza desturi hii. Hata Mzee Komba anaamini natunza majalada.

Sasa Mama Shani.

Mama Shani anauza kachori kwenye kona ya kuelekea stendi, jioni jioni. Ni mtu wa kusini, ametoka Lindi akiwa mwali, na hajawahi kunipita bila kunitania kwamba nasoma sana ndiyo maana sinenepi. Siku moja mwaka jana alikuja akasimama mezani kwangu, akasubiri chumba kiwe kitupu. Akasema, "Mwanangu, mie nyumbani nina mgonjwa. Daktari kaniambia mambo harakaharaka, nusu yake nimeyasahau kabla sijafika getini. Hakuna kitabu?"

Kilikuwapo. Kinaeleza namna ya kumuuguza nyumbani mtu mwenye ukimwi: kumwogesha, kumlisha, kumfulia mashuka, na kwamba huambukizwi kwa kula naye sahani moja. Mgonjwa ni mdogo wake, alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, amerudi mifupa na macho. Majirani wameambiwa ni kifua. Mtaani kwetu ugonjwa wenyewe hautajwi jina. Watu wanasema ngoma, wanasema fulani kakanyaga miwaya, au wanashusha sauti tu na kusema "ule". Na ukisikika kwamba uko nyumbani kwako, hakuna atakayekula kitu kilichopita mkononi mwako. Huo ndio ukweli, nimeuona ukifanyika kwa mama mmoja wa uji kule Tandika. Kwa Mama Shani, beseni la kachori ndilo linalomlisha mgonjwa, linamlisha Shani na mtoto wa Shani. Hawana kingine.

Kwa hiyo nilimvalishia kile kitabu, na kila muda wake ukiisha anakuja naongeza. Hakimaliziki, ananiambia. Kila wiki mgonjwa ana jambo jipya.

Halafu ikaja kompyuta, na mimi ndiye niliyeingiza kadi zote humo.

Niseme kweli, nilifurahi. Fundi Frenki, kijana wa mjini anayevaa tai hata jua likiwa la kuchoma, alinifundisha kubonyeza, na baada ya siku chache nikawa napiga herufi bila kutazama. Nilijisikia mtu. Frenki alisema, "Sista, subiri tu. Kwa waya huu huu wa simu, mtu aliyekaa Ulaya atajua Temeke mna kitabu gani, na nyie mtaulizia vya kwao." Nikawahadithia nyumbani. Haikunijia hata kidogo kujiuliza, kama Ulaya watajua, Stendi watashindwa nini?

Kompyuta haijui gazeti. Nilikaa nayo wiki nzima, naandika jina la mtu, kazi yake, na kitabu alichochukua, mstari kwa mstari, na hilo sikuliona.

Jumamosi hii ndiyo siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi, ngoma, soda. Mzee Komba amekuwa kama bwana harusi. Anasema redio mpya zimejaa hewani, baa zote sasa zina televisheni, maofisi ya watu binafsi kule mjini yana kompyuta kila meza, na Temeke wasionekane washamba. Akaagiza meza isogezwe hadi dirishani na kioo cha kompyuta kielekezwe nje, kwa wananchi. "Ni mali yao," akasema, "waione ikifanya kazi." Mimi ndiye niliyeshika upande mmoja wa meza tukaisogeza. Sisi wafanyakazi tukabaki nyuma ya mashine tunatazama nyaya, na Frenki akawa anabonyeza amesimama pembeni, kapinda shingo.

Na kulikuwa na zawadi. Doti ya khanga, au kitenge akiwa mwanaume, kwa mwanachama anayeazima kuliko wote. Mzee Komba hakutaka kumchagua mtu, alisema watu watanung'unika upendeleo. Kompyuta ichague. Kompyuta haina shangazi wala binamu.

Leo asubuhi tukafanya jaribio.

Walikuwepo watu dirishani kama kawaida ya siku hizi, wameshika nondo kama wako kwenye mechi. Mbele yao Bwana Seif, fundi redio, ambaye kibanda chake kinatazamana na sisi. Bwana Seif husoma kila kitu kwa sauti. Gazeti, vibao vya maduka, maandishi ya nyuma ya malori. Watu wasiojua kusoma wanampenda kwa hilo, na wanaojua wanampenda kwa vikolombwezo anavyotia. Mimi nilisimama nyuma ya kompyuta na Mzee Komba. Nikawa naomba moyoni umeme usikatike, maana mgao wa wiki hii ulitutesa.

Haukukatika. Siku zote unakatika, leo haukukatika.

"Haya fundi," Mzee Komba akasema kwa sauti ya jukwaani, "iulize: nani anaazima kuliko wote?"

Frenki akabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo. Bwana Seif akasogeza uso karibu na nondo na kusoma jina refu la uanachama, la baba na la babu, polepole, hakuna aliyelitambua. Kisha akasoma mstari wa chini yake, ambao niliuandika mimi mwenyewe: kazi, biashara ya kachori.

"Aaa! Si Mama Shani huyu!" mtu akapiga kelele.

Wakacheka, wakapiga makofi. Makofi ya kweli kabisa, ya furaha. "Kumbe msomi, na sie tunamwona vile!" "Ndiyo maana ana maneno yule mama!" Nami nyuma ya kompyuta nikaelewa. Mashine ilihesabu kila nilipomwongezea muda kuwa ni kuazima upya. Mama Shani ana kitabu kimoja tu.

"Na amesoma nini?" wakauliza. "Tuonyesheni!"

Nilisema, "Frenki, subiri." Nilisema, lakini ilitoka kama kikohozi, na makofi yalikuwa bado yanaendelea. Akabonyeza.

Sikukiona kioo. Niliziona nyuso.

Bwana Seif alianza, "Kumuuguza nyumbani mgonjwa wa..." na sauti yake ikaishia hapo. Midomo iliendelea kidogo bila sauti, kisha ikaacha. Sijawahi kumwona akiacha kusoma kitu katikati. Waliokuwa nyuma yake wakawa wanauliza nini, nini, na waliojua kusoma wakajisomea, na hakuna aliyewajibu wenzake. Mwanamke mmoja aliachia nondo akajifuta mkono kwenye khanga. Sijui alikuwa anajifuta nini. Mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Mara zote hizo?" Maana mstari ulikuwa ule ule, chini yake ule ule, chini yake ule ule, kioo kizima.

Halafu wakaondoka. Hakuna aliyeaga. Watu wa Temeke hawaondoki mahali bila kuaga.

Mzee Komba akanigeukia, bado anatabasamu. "Mbona wametawanyika? Hawajapenda?"

Nilizunguka meza nikatazama. Herufi za kijani kwenye weusi, zinasomeka vizuri sana. Frenki naye akatazama, akainua mabega. "Sista, si kitabu tu?"

"Kifute, braza. Sasa hivi."

Akafuta. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. "Tayari," akasema, "imeshasahau," akaniangalia kama mtu anayesubiri kuambiwa ahsante.

Ofisini nilimweleza Mzee Komba. Ilibidi, ingawa kila neno nililosema kumlinda yule mama lilikuwa linamvua tena. Alivua miwani akaifuta. Si mtu mbaya Mzee Komba, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi; angekuwa mbaya ningepata pa kupiga ngumi. Akasema, "Basi zawadi tumpe mwingine." Akaona jambo limekwisha. Nilipokataa kutoka akaongeza, "Na wewe Rehema, usijitese. Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Shikamoo wahenga," nikamjibu, "lakini yeye hakuwa anaficha maradhi. Alikuwa anayasoma."

Nilitoka nikaubamiza mlango kwa nguvu. Sijawahi kumfanyia hivyo mtu aliyenizidi umri. Kesho nitamwomba radhi kwa ajili ya mlango, si kwa ajili ya maneno.

Mchana ulikuwa mrefu. Niligeuza kioo kikatazama ukuta, nikarudi kwenye kisanduku changu cha kadi, na nikadhani nitavalisha vitabu kama kawaida. Lakini walikuja wa kurudisha tu. Yule mtu mzima anayejifunza kusoma alikuja, akaangalia kompyuta kabla ya kuniangalia mimi. Akainama mezani.

"Dada Rehema. Na mie nimo humo?"

Nilitaka kusema hapana. Nilisema, "Umo, baba."

Akaweka kitabu chake juu ya meza na gazeti lake la michezo, akakisukuma kwangu kwa vidole viwili. Alikuwa ameshafika kwenye sentensi ndefu. Alinionyesha wiki iliyopita, alisoma moja mpaka mwisho na jasho likamtoka. Hakuchukua kingine.

Nilifunga maktaba mapema kidogo. Kabla ya kutoka nilichukua gazeti safi nikalitia mkobani, mkono tu ulifanya kwa mazoea.

Sasa niandike kilichobaki.

Siku zote nikifika kwenye kona ya Mama Shani nakuta beseni limekwisha. Ni mchezo wetu. Nitakuta mabaki ya chatini bakulini na chembechembe, naye atacheka, "Umechelewa mwanangu, na kisomo chako hicho hujajua kutuma salamu?" Kisha atafunua kitambaa atoe mbili alizonifichia. Miezi na miezi, ni hivyo.

Leo nilimwona kwa mbali amekaa wima. Stendi ilikuwa imejaa watu, wakati wenyewe wa njaa, na mbele yake palikuwa peupe. Beseni lilikuwa limejaa. Kachori zimepangwa vile anavyozipanga mwanzo kabisa, kichuguu, ya juu kabisa bado iko juu.

"Shikamoo Mama Shani."

"Marahaba mwanangu! Leo una bahati, zipo." Akapunga mkono kufukuza nzi. "Hata sielewi. Leo Alhamisi, nadhani watu wamefunga sunna."

Upande wa pili wa njia, muuza mihogo alikuwa na foleni, na foleni ilikuwa inakula.

Aliiona foleni. Ana macho. Aliitazama, akanitazama, na akarudia, taratibu zaidi, "Wamefunga sunna."

Niliomba kachori. Akanipa kwenye karatasi, nikala hapo hapo nimesimama, nikitazamana na stendi nzima, na nilitafuna mdomo wazi kama mtu asiye na adabu ili waone. Bwana Seif alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake, kinachoonekana kutoka pale kona. Tulipogongana macho akainamia redio aliyokuwa anaifungua. Sidhani kama yeye ndiye aliyesema. Naamini hajasema neno tangu asubuhi. Lakini walikuwepo wengi pale dirishani, na penye wengi pana mengi.

Nilikula mpaka karatasi ikabaki tupu. Nilipofungua mdomo nimwambie, akawahi yeye. Alinyoosha mkono ndani ya kapu lake, chini ya vitambaa, akatoa kile kitabu. Kimevaa gazeti nililomvalisha mimi, limelowa mafuta mpaka limekuwa kama kioo, na humo ndani jalada linaonekana.

"Kesho muda wake unaisha," akasema. "Nitakuja kuongeza. Mgonjwa ameanza kunywa uji, mwanangu, mwenyewe, bila kutapika. Kimenisaidia sana hiki." Kisha akakipapasa. "Ila gazeti ndiyo hivyo. Utanivalishia jingine?"

Nikasema ndiyo.

Nikasema ndiyo, nikaondoka. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Niliogopa kumwambia mbele ya watu, najiambia. Niliogopa tu, basi.

Nimekaa hapa barazani najipangia. Kesho alfajiri, kabla hajawasha jiko, kabla hajasonga viazi vya kachori ambazo hazitaliwa, nitakwenda kwake. Nitapiga hodi, nitamwambia yaliyotokea dirishani, na nitamwambia ni nani aliyeandika majina yale na nani aliyeshika meza. Afadhali ayasikie kwangu kuliko kwa mtu wa foleni. Mgonjwa atakuwa nyuma ya pazia, atasikia naye. Sijui nitashusha sauti au nitautaja ugonjwa ule kwa jina lake. Jioni nitakula tena pale kona, na keshokutwa, na nitamtafuta Bwana Seif ale nami, maana watu wanamsikiliza yule hata akiwa anatafuna.

Kuhusu Jumamosi, wazindue. Mimi meza ile siisogezi tena dirishani.

Mvua bado haijashuka. Gazeti safi liko mkobani, nimelikunja vizuri, maana nimemwahidi. Atakaponiletea kitabu kesho, mtaa mzima ukiwa unajua kilichomo, nitakivalisha ili nani asikione?